Nge wa Gazetini, Nge wa Angani

*Wengi tunamjua Nge kupitia safu ya utabiri wa nyota. Nge mwenyewe, mwenye moyo mwekundu na mkia uliopinda, hupita juu ya mapaa yetu kila mwaka, na jua halikai kwake hata siku kumi.*

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza ilishushwa katika Uwanja wa Taifa mjini Dar es Salaam, na ya Tanganyika ikapandishwa. Kule kileleni Kilimanjaro, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge. Kulipokucha, nchi mpya ilikuwa imezaliwa.

Ilizaliwa na nyota gani?

Jibu linategemea unamuuliza nani. Safu za utabiri zinazochapishwa magazetini zitasema Mshale, kwa kuwa zinampa Mshale siku zote kuanzia takriban Novemba 22 hadi Desemba 21. Mnajimu wa Kihindu, awe wa Mombasa au wa Mumbai, atasema Nge, maana kwa hesabu zake jua huingia Nge karibu na Novemba 16 na kutoka katikati ya Desemba. Mwanaastronomia naye atafungua ramani ya anga na kuonyesha kwamba jua lililochomoza asubuhi ile halikuwa kwa Mshale wala kwa Nge. Lilikuwa mbele ya nyota za Mshika Nyoka, kundinyota ambalo halimo kabisa katika zile nyota kumi na mbili tulizozizoea.

Zanzibar, iliyopata uhuru Desemba 10, 1963, na Kenya, iliyofuata siku mbili baadaye, zimo katika utata huohuo. Siku moja, jua moja, majibu matatu. Na kila jibu lina watu wanaoliamini kiasi cha kupangia safari, ndoa na biashara.

Kazi niliyopewa ni kumfuatilia Nge. Nimegundua kwamba wako wawili, na waliachana zamani sana.

Wiki moja tu

Mipaka ya makundinyota 88 yanayotumika leo ilipitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 1928. Eugène Delporte wa Ubelgiji, aliyeichora, aliichapisha mwaka 1930. Kwa ramani hiyo, jua huonekana kupita mbele ya Nge kati ya Novemba 23 na 29 hivi. Likishatoka hapo huingia kwa Mshika Nyoka na kukaa siku 18. Kwa Mashuke hukaa siku zipatazo 45.

Ni mgawanyo usio na usawa, na hilo si kosa la mchoraji. Nyota hazikupangwa kwa rula.

Waliotaka usawa ni Wababeli, katika nchi iitwayo Iraq leo. Orodha yao ya kale ya nyota, inayojulikana kama MUL.APIN, ilitaja makundinyota zaidi ya 12 kwenye njia ya mwezi, Nge akiwa mmojawapo. Mnamo karne ya 5 kabla ya Kristo waliigawa njia hiyo katika vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja nyuzi 30, ili hesabu ziwe nyepesi. Kila kipande kikapewa jina la kundinyota lililokuwa karibu. Hicho ndicho kinachoitwa burji. Burji ni kipimo cha hesabu, na kundinyota ni nyota zenyewe. Tangu mwanzo vilikuwa vitu viwili.

Kisha vikaanza kutengana. Dunia inapojizungusha, mhimili wake huyumba polepole kama pia inayoanza kuchoka, na myumbo mmoja mzima huchukua karibu miaka 26,000. Ni mwendo wa nyuzi moja kwa kila miaka 72. Mtu haoni tofauti maishani mwake. Mgiriki Hipparchus aliiona katika karne ya 2 kabla ya Kristo, alipolinganisha vipimo vyake vya nyota na vya watu waliomtangulia na kukuta kwamba nyota zilikuwa zimesogea kutoka mahali pa ikwinoksi, pale jua linapovuka ikweta.

Zimeendelea kusogea hadi leo. Ndiyo maana burji ya Nge ya magazetini, ya Oktoba 23 hadi Novemba 21, inaangukia kwa sehemu kubwa kwenye nyota za Mizani.

> Burji ni kipimo cha hesabu, na kundinyota ni nyota zenyewe. Tangu mwanzo vilikuwa vitu viwili.

Wanajimu wana jibu

Septemba 2016 habari zilienea duniani kwamba NASA imeongeza nyota ya kumi na tatu na kuwahamisha watu wote. Shirika hilo likajibu kwamba halikumbadilishia mtu nyota, lilikuwa limeeleza hesabu tu. Wanajimu wengi hawakutikisika, na ni haki wasikilizwe kabla ya kuhukumiwa.

Hoja yao ni kwamba burji haijawahi kudai kufuata nyota. Inaanzia pale jua linapovuka ikweta mwezi Machi, na kutoka hapo inahesabu nyuzi 30, 30, hadi mwaka uishe. Ptolemy wa Alexandria, katika karne ya 2 baada ya Kristo, alitetea hesabu hii waziwazi. Nge, kwa maana hiyo, ni kipande cha nane cha mwaka wa jua na majira yake, na Mshika Nyoka hana nafasi humo kwa kuwa hakuna kipande cha kumi na tatu.

Wanajimu wa Kihindu wanalipinga jibu hilo. Wao wamezifuata nyota, na tofauti kati ya hesabu zao na za wenzao wa Magharibi sasa imefikia nyuzi 24 hivi. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Novemba 5 ni Nge kwa mmoja na Mizani kwa mwingine, na wote wawili watamweleza tabia zake bila kusita.

Mimi nina swali jingine kwa hoja ya majira. Kama burji ni majira, ni majira ya nani? Nge wa Magharibi hupewa sifa za kifo, siri na kuoza, na sababu haiko mbali: kaskazini ya dunia, mwishoni mwa Oktoba, majani yanapukutika na baridi inabisha hodi. Kwetu, Novemba ni vuli. Mvua inanyesha, shamba linapandwa, majani yanachipua. Mtoto wa Muheza aliyezaliwa wakati mahindi yanaota anaambiwa kwamba amezaliwa wakati wa kufa kwa mimea, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa Ugiriki. Sijaona mnajimu aliyelijibu hilo vizuri.

Kuhusu kama utabiri wenyewe unafanya kazi, majaribio yamefanywa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, akawaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kwa usahihi. Wastani ulizidi 4. Kisha akawaonyesha kwamba wote walikuwa wamepewa karatasi moja, na sentensi zake nyingi alizitoa kwenye kitabu cha unajimu kilichouzwa kibandani. Mwaka 1985 Shawn Carlson alichapisha katika jarida la *Nature* jaribio ambalo wanajimu wenyewe walishiriki kulipanga. Walipewa chati ya kuzaliwa ya mtu na wasifu wa tabia za watu watatu, wachague ulio wake. Walipatia karibu mara moja katika tatu, sawa na anayebahatisha.

Nyota inayosafishwa kwa fedha

Kwa msomaji wa kawaida, safu ya nyota ni burudani ya Jumamosi. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyefariki mwaka 2011, aliifanya isikike Afrika Mashariki nzima, na watu waliomcheka hadharani walimsoma faraghani. Sina ugomvi na burudani.

Ugomvi wangu uko kwenye nguzo za umeme. Tembea mtaa wowote wa Dar es Salaam uone vibao: mganga anarudisha mpenzi, anaongeza bahati, anasafisha nyota. Mtu aliyekosa kazi miaka miwili anaambiwa kwamba nyota yake imechafuka, au imeibiwa. Binti asiyeolewa anaambiwa nyota yake imefunikwa. Baada ya hapo inatajwa bei, na bei huwa haiishii kwenye ziara ya kwanza. Wanaolipa ni watu wenye shida, na shida zao ni za kweli. Anayewaambia kwamba nyota ina uchafu unaotoka kwa maji ya dawa na noti za elfu kumi anachukua fedha ambayo ingekuwa nauli ya kwenda kwenye usaili.

Kuna jambo la pili, la heshima zaidi, na ndani yake kuna watu wakweli wanaotafuta kutenda lililo sawa. Katika kalenda za baadhi ya Waislamu wa Shia, hapa Afrika Mashariki na kwingineko, huwekwa alama siku ambazo mwezi umo katika Akarabu, yaani Nge. Siku hizo haipendezi kufunga ndoa wala kuanza safari. Mwezi hupita burji nzima kwa siku mbili na saa kadhaa, hivyo kila mwezi kuna siku chache za kuepuka, na familia zenye kushika jambo hili huziangalia kabla ya kuchapisha kadi za harusi.

Sasa, Akarabu ipi? Wapo wanaohesabu kwa burji, na wapo wanaosema mwezi uonekane kwenye nyota za Nge zenyewe. Tofauti si ndogo. Kwa hesabu ya leo, burji ya Nge huisha mahali ambapo kichwa cha Nge wa angani kinaanza. Kwa maneno mengine, saa ileile kalenda ya burji inapotangaza kwamba zuio limekwisha, ndipo mwezi unapokaribia kuzifikia nyota za kichwa chake. Anayefuata hesabu moja huanza safari siku ambayo mwenzake ameketi nyumbani.

Siingii kwenye fatwa, hiyo ni kazi ya wanazuoni. Ninachosema ni kwamba suala lenyewe linaweza kutazamwa na yeyote mwenye macho, usiku usio na mawingu, bila kulipa chochote.

> Saa ileile kalenda ya burji inapotangaza kwamba zuio limekwisha, ndipo mwezi unapokaribia kuzifikia nyota za kichwa cha Nge.

Maadui wasiokutana

Kabla ya hesabu kulikuwa na hadithi, na za Nge zina nguvu ya pekee.

Wagiriki walisimulia kuhusu Orion, mwindaji mkubwa aliyejigamba kwamba hakuna mnyama asiyeweza kumuua. Dunia, mama wa viumbe, ilichukizwa na majigambo hayo ikamtuma nge mmoja, naye akamchoma Orion akafa. Mshairi Aratus, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alisimulia tofauti: aliyemtuma nge ni Artemis, mungu wa kike wa uwindaji, baada ya Orion kumvunjia heshima. Hadithi zote mbili huishia pamoja. Wawili hao waliwekwa mbinguni, kila mmoja upande wake, na Nge anapochomoza mashariki Orion hukimbilia kuzama magharibi.

Wachina, ambao hawakuwahi kusikia habari za Orion, walitazama nyota hizohizo na kusimulia ndugu wawili, wana wa mfalme wa kale, waliopigana kila kukicha. Mfalme aliyefuata aliwatenganisha, mmoja akapewa nyota nyekundu ya moyo wa Nge, mwingine nyota za mwindaji, wasionane tena. Masimulizi haya yamo katika *Zuo Zhuan*, kitabu cha historia cha kale cha China. Jamii mbili zilizokuwa mbali mno zimefikia wazo moja, kwa sababu anga iliwaonyesha jambo moja.

Lakini hadithi hii haitimii sawasawa kwetu. Kule Athens, moyo wa Nge unapoinuka, Orion karibu wote ameshazama. Karibu na ikweta nyota hupanda na kushuka wimawima, na mambo hubadilika. Kutoka ufukwe wa Dar es Salaam, wiki ya mwisho ya Mei, giza likishaingia mnamo saa moja jioni, unaweza kumwona Orion akiwa chini magharibi na Nge akiwa chini mashariki. Kwa karibu saa nzima maadui hao wako anga moja. Mgiriki hakuliona hilo. Sisi tunaliona kila mwaka, kwa wanaotazama.

Na Kilimia, nyota ambazo wakulima wetu wamezitumia vizazi na vizazi kupanga kazi za shamba, nazo zinahusika. Ziko karibu mkabala na Nge, katika kundinyota la Ng'ombe. Kilimia inapozama magharibi, kichwa cha Nge huanza kuchomoza mashariki muda mfupi baadaye. Aliyemfundisha mjukuu wake kuangalia Kilimia ikipotea jioni, wakati wa masika, alikuwa pia anamfundisha kwamba msimu wa Nge unaingia.

Wapo ambao hawakuona nge hata kidogo. Kwa Wapolinesia wa Hawaii na New Zealand mkia ule ni ndoana ya Maui, aliyevua visiwa kutoka chini ya bahari. Wajava wameona bata bukini anayeatamia, na pia mnazi ulioinama. Mnazi huo mwana wa Pwani hahitaji kuelezwa.

Wababeli, waliompa jina, walimchukulia kwa uzito. Katika utenzi wa Gilgamesh, watu-nge ndio walinzi wa lango la mlima ambamo jua hupita. Makucha ya Nge wa kale yalikuwa marefu kuliko tunavyoyachora leo. Nyota mbili angavu za Mizani bado zina majina ya Kiarabu yenye maana ya kucha la kusini na kucha la kaskazini. Warumi ndio walioipa Mizani hadhi yake kamili, na Nge akabaki na makucha mafupi.

Dira ya manahodha

Majahazi yaliyokuja Kilwa, Mombasa na Lamu kwa pepo za kaskazi hayakumhitaji Nge kwa utabiri. Mabaharia wa Kiarabu waligawa upeo wa macho katika sehemu 32, na nyingi kati ya hizo zilipewa majina ya nyota zinapochomoza na zinapozama. Machomozi ya Akarabu yalikuwa kusini-mashariki, na machweo yake kusini-magharibi. Jirani yake ni Iklil, nyota za paji la uso la Nge huyohuyo.

Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, pwani ya Ghuba, aliandika elimu hii kwa kina katika *Kitab al-Fawa'id*, na ana shairi zima kuhusu njia ya bahari hadi Sofala.

Nilichopenda katika dira hii ni ukweli wake wa kikazi. Kwenye pwani yetu, moyo wa Nge hauchomozi kusini-mashariki hasa. Unachomoza nyuzi 26 hivi kusini mwa mashariki, ilhali alama ya Akarabu kwenye dira imewekwa nyuzi 45. Manahodha walijua kwamba nyota imewapa jina, na kwamba jina na mahali pa nyota havilazimiki kulingana. Walikuwa na burji yao ya bahari, na hawakuichanganya na anga.

Jinsi ya kumpata

Katikati ya Julai, mnamo saa tatu na nusu usiku, simama mahali penye giza utazame kusini, juu sana. Kwa mtu wa Dar es Salaam, moyo wa Nge unakuwa nyuzi 70 kutoka upeo, karibu utosini. Huko London haupandi zaidi ya nyuzi 12, na sehemu ya mkia haichomozi kabisa. Ni mnyama wa kwetu kuliko wa waliotuandikia safu zake.

Nilimtazama kutoka Bagamoyo, mbali na taa za hoteli. Kichwa ni nyota tatu zilizopangana mstari uliopinda kidogo. Nyuma yake kuna nyota moja nyekundu yenye rangi ya kaa la moto, katikati ya mbili ndogo zinazoilinda. Hiyo ndiyo Antares. Kutoka hapo mwili unashuka, nyota baada ya nyota, unafika chini, unakata kona kuelekea mashariki, kisha unapanda tena hadi kwenye nyota mbili zilizokaribiana mno, ambazo ni mwiba: Shaula na Lesath. Mkia huo umelala ndani ya ukanda mweupe wa Njia ya Maziwa. Nge ni mojawapo ya makundinyota machache yanayofanana kweli na jina lake.

Antares maana yake kwa Kigiriki ni mshindani wa Mirihi, na inatosha kuziona pamoja. Mirihi hupita karibu nayo kila baada ya takriban miaka miwili, nyekundu kwa nyekundu, na mtazamaji hujiuliza ipi ni ipi. Kwa ukubwa hakuna mashindano. Upana wa Antares ni karibu mara 700 wa jua letu. Ingewekwa mahali pa jua, ingeimeza Dunia na kuuvuka mzingo wa Mirihi. Iko mbali kiasi cha miaka ya nuru 550, kwa hiyo mwanga unaotufikia leo ulianza safari karibu na zama za Ibn Majid. Mwaka 2017 wanaastronomia, kwa kuunganisha darubini za Paranal nchini Chile, walichora ramani ya uso wake na kuonyesha jinsi gesi inavyotibuka humo.

Ni nyota iliyo ukingoni mwa maisha yake. Siku moja italipuka, pengine ndani ya miaka milioni moja ijayo, na mwanga wake utaonekana hata mchana.

Nyota nyingi angavu za Nge ni ndugu wa kweli, zilizozaliwa kutoka wingu moja la gesi miaka milioni kadhaa iliyopita. Nyingine ziko kwenye mchoro kwa bahati tu. Ile iliyo pale mwili unapoanza kuwa mkia, Epsilon, iko miaka ya nuru 64 hivi, karibu nasi kuliko Antares zaidi ya mara nane. Nge anayeonekana ni wa hapa tu. Ukitoka nje ya mfumo wetu wa jua ukaenda mbali vya kutosha, utamkuta amevunjika.

Mwenye darubini ndogo ya mkononi aielekeze kando kidogo ya Antares, upande wa magharibi. Ataona doa la ukungu. Hilo ni Messier 4, mkusanyiko wa nyota maelfu kwa maelfu, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 6,000. Karibu na mwiba kuna doa jingine, Messier 7, linaloonekana hata kwa macho matupu. Ptolemy, yuleyule aliyetetea burji, ndiye aliyeliandika katika karne ya 2.

> Huko London haupandi zaidi ya nyuzi 12, na sehemu ya mkia haichomozi kabisa. Ni mnyama wa kwetu kuliko wa waliotuandikia safu zake.

Kutoka kwa Nge hadi Ngomeni

Juni 1962 roketi ndogo ilirushwa kutoka White Sands, New Mexico, ikiwa na vifaa vya kupima eksirei. Riccardo Giacconi na wenzake walitaka kujua kama mwezi unatoa eksirei zinazosababishwa na jua. Roketi ilikaa juu ya angahewa kwa dakika chache. Eksirei za mwezi hazikuonekana, lakini vifaa viliona chanzo kikali mno upande wa Nge, mahali ambapo hapakuwa na nyota yoyote maarufu.

Kikaitwa Scorpius X-1. Kilikuwa chanzo cha kwanza cha eksirei kujulikana nje ya mfumo wetu wa jua. Leo tunafahamu kwamba ni nyota ya nyutroni, masalia yaliyobanana ya nyota iliyokufa, inayonyonya gesi ya nyota mwenzake, na gesi hiyo hupata joto kali hadi kutoa eksirei. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Kati ya mwaka 1962 na tuzo hiyo kuna hatua iliyopitia kwetu. Dakika chache za roketi hazikutosha kuichunguza anga nzima, ilihitajika setilaiti. Karibu na ikweta roketi husaidiwa na mwendo wa Dunia yenyewe, na setilaiti ikizunguka juu ya ikweta huepuka sehemu yenye mnunurisho mkali unaovuruga vipimo. Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi, San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi.

Hapo ndipo iliporushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei pekee. Siku ilikuwa Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Mhandisi Marjorie Townsend wa NASA, aliyesimamia mradi, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Ilifanya kazi hadi 1973 na kuacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli.

Neno letu limo katika kila historia ya fani hiyo. Wanafunzi wa fizikia wa Tokyo na Boston hulikuta vitabuni. Nimewauliza vijana wa sekondari wa pande zetu kuhusu Uhuru ya mwaka 1970, na nimekutana na nyuso za mshangao. Wote, bila kukosa, waliweza kuniambia nyota zao.

Wapo wanaojitahidi. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amewaelimisha Watanzania kuhusu anga la usiku kwa miaka mingi. Lakini mtu mmoja hawezi kubishana na kila safu ya utabiri na kila kibao cha nguzo ya umeme.

Ombi langu kwa wahariri, wa gazeti hili na wa mengine, ni dogo. Safu ya nyota ibaki, wasomaji wanaipenda. Pembeni yake iwekwe ramani ya anga ya wiki hiyo, upana wa safu mbili, ikionyesha kinachoonekana kutoka Mwanza, Mombasa au Unguja mara giza linapoingia. Toleo la wiki ya mwisho ya Mei lingemweka Orion magharibi na Nge mashariki. Toleo la Desemba 12 lingeandika kando kwamba jua liko kwa Mshika Nyoka, na chini yake mistari mitatu kuhusu setilaiti iliyoondokea Ngomeni.